Daftari la Sehemu Mbovu

Mwanza, Alhamisi, 1998. Mvua tangu alfajiri.

Imenyesha kutwa nzima na joto halijapungua hata kidogo. Nimejifungia kwenye chumba cha kompyuta, dirisha la nondo, kapeti lenye harufu ya ukungu, na sitaki mtu yeyote abishe hodi.

Leo nimegundua jambo ambalo heri nisingelijua.

Ngoja nilieleze lote kwa mpangilio, maana nikianza kuzungukazunguka nitajidanganya hadi humu. Mashine kuu ya kiwanda chetu cha minofu ina diski mbili. Zote zinaandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, ili moja ikifa nyingine ibaki na kumbukumbu: sangara wametoka mwalo gani, yaani ufuko upi waliposhushwa, wamepimwa lini, wamefungwa kwenye katoni zipi. Bila kumbukumbu hizo mzigo hauondoki uwanja wa ndege. Kwa kuwa ni pacha, nilizipa majina, Kulwa na Doto. Siku hizi hata meneja anaziita hivyo.

Wiki chache zilizopita mashine ilianza kulalamika kwamba Doto ana sehemu mbovu, yaani vipande visivyosomeka. Nikaandika ripoti kwamba diski inakufa. Mama Nyamizi, afisa ununuzi wetu, akapanda treni hadi Dar, akarudi na diski mpya ndani ya boksi lake. Aliipakata safari nzima kama kichanga. Nikaifunga, nikaacha mashine inakili kila kitu kutoka kwa Kulwa. Kulipokucha, mashine ikasema Doto mpya naye ana sehemu mbovu.

Nikaingia kwa meneja nikasema sentensi moja tu: "Bosi, hii diski si mpya."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Meneja hakusubiri sentensi ya pili. Kichwani mwake Mama Nyamizi alikuwa ameshauza mpya na kutuletea kuukuu. Akamsimamisha kazi siku hiyohiyo. Kesho saa nne asubuhi anaitwa mbele ya kamati, na hakuna aliyewahi kuitwa na kamati hiyo akarudi kwenye meza yake.

Leo ndiyo nimefanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo. Nimeichomoa ile diski, nimeifunga kwenye mashine nyingine na kuisoma yote, mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata sehemu moja mbovu. Nikaitoa kabatini ile ya zamani, Doto wa kwanza, nikaisoma nayo.

Nzima.

Kumbe programu inayoziunganisha hizo pacha ina daftari lake la sehemu mbovu. Mahali pakishindwa kusomeka hata mara moja, inapaandika, na hairudi tena kupaangalia. Ukileta diski nyingine, inainakilia na daftari hilohilo. Namba za sehemu mbovu ni zilezile, moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa nimeziona siku ya kwanza nisizilinganishe. Mtaalamu mzima!

Na kwa nini zilishindwa kusomeka hapo mwanzo? Hapa ndipo aibu inaponikaba. Mama yangu, aliyeko Nansio, alinifumia kitambaa cha nyuzi nyeupe, ndugu wa kile kinachofunika redio yake sebuleni. Alisema kitu cha thamani hakikai uchi. Nikakitandaza juu ya mashine kuu, kikaning'inia nyuma, kikaziba matundu ya kupumulia. Mchana huu nimemrudisha Doto wa kwanza mahali pake, kando ya Kulwa, nikakitandaza tena makusudi. Haukupita muda mrefu, boksi la mashine likawa la moto hata kiganja hakikai, na daftari likaongeza sehemu mbili mpya.

Kwa hiyo ni mimi. Mwanzo mimi, mwisho mimi.

Naogopa. Bado niko kwenye majaribio, barua ya ajira sijapewa, na mzigo uliokwama kwa sababu ya mashine hii meneja anautaja kila asubuhi. Nimefikiria kulifuta daftari na kusema tatizo limekwisha lenyewe. Hakuna mtu hapa ambaye angeelewa. Lakini hilo lingeniokoa mimi tu, na Mama Nyamizi angebaki mwizi. Alishapunguzwa kazi mara moja, shirika la umma alilokuwa akifanyia kazi lilipouzwa. Na ndiye aliyemwambia meneja anipokee mimi.

Saa tisa aliingia humu, mlinzi alimwonea huruma akampitisha. Nguo zilikuwa zimelowa hadi magotini. Nikamwamkia, shikamoo mama.

"Marahaba mwanangu. Sikai. Meneja kasema nikikiri ataniachia niondoke kimya kimya, nikikataa anaita polisi. Nimechoka mie. Nitabishana vipi na mashine?" Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. "Nichapie hii, mwandiko wangu mbaya. Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Diski yake ilikuwa mezani, kati yetu.

Nikasema, "Sawa, mama."

Nimeshindwa hata kumwangalia. Akanishukuru, akaniombea kwa Mungu, akaondoka na mvua yake. Tangu hapo nimekaa hapa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa sato, haushuki wala haupandi. Nikisema, natoka mimi. Nisiposema, nitakuwa nimemfukuza kwa mkono wangu, tena kwa herufi nzuri zilizonyooka.

Karatasi yake ni fupi. "Mimi, Nyamizi, nakiri kwamba diski niliyoileta haikuwa mpya." Kisha anaomba radhi. Anaomba radhi kwa kiwanda, kwa meneja, na mstari wa mwisho anaomba radhi kwangu, kwa usumbufu.

Huo mstari nimeusoma mara nyingi mno.

Zamu ya jioni imeshaingia, nasikia mabuti ya mpira yakipita korido. Nimewasha mashine nyingine na kufungua ukurasa mtupu. Nimechapa neno la kwanza la barua yake, "Mimi". Baada ya mkato nimechapa jina langu.