Mbolea Aliyobeba Abdiwahab

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kiangoro, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi

Jina: Nelius Mukiri
Umri: Miaka 52
Kazi: Muuzaji, duka la mbolea na dawa za mifugo
Makao: Timau

Hii ni mara ya pili naandikisha jambo lile lile, kwa sababu mara ya kwanza yaliandikwa mambo ambayo sikusema.

Mnamo tarehe 11 Machi 2025, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa dukani. Walikuja watu wawili: Muthomi, mkulima wa viazi ambaye ni jirani yangu, na Abdiwahab, dereva wa lori anayeishi Kinoru. Muthomi alinunua magunia sita ya mbolea. Abdiwahab aliyapakia, akatia sahihi kwenye kitabu kwamba ameyabeba. Tuliongea habari ya baridi. Wakaenda.

Tarehe 14 maafisa wawili walikuja, wakaniambia Abdiwahab ameshikwa kwa ugaidi, eti mbolea ile ilikuwa ya kutengenezea bomu. Niliwaeleza kama nilivyoeleza hapa. Waliandika, nikatia sahihi bila kusoma kwa sababu wateja walikuwa wananingoja. Hilo ni kosa langu.

Juzi Jumatatu, kortini Meru, nilisomewa karatasi ile. Ilisema Abdiwahab alikuja peke yake, akiwa na wasiwasi, akakataa kusema mbolea ni ya nini. Nilimwambia hakimu, "Hayo si maneno yangu." Akaagiza niandikishe upya. Nje ya korti mkewe Abdiwahab, Rahmo, aliniuliza, "Mama, mume wangu alikukosea nini?" Mtu amekaa rumande miezi mitatu.

Muthomi hashiki simu. Nimeenda kwake mara mbili. Mkewe anasema yuko shambani, na gambuti zake, viatu vyake vya shamba, ziko hapo mlangoni.

Leo afisa ameniuliza mara tatu kama nina uhakika. Ninao. Ameniuliza pia kwa nini namtetea gaidi. Nikamwambia, "Kama ni gaidi, hakimu ataamua. Leteni ushahidi wenu. Wangu msiuongezee." Naomba na hayo yaandikwe.

Nimeyasoma haya mwenyewe, neno kwa neno. Ni yangu na ni ya kweli.

Sahihi: Nelius Mukiri

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Konstebo Mutugi. Shahidi alikataa kutia sahihi karatasi mbili za kwanza kwa sababu ya neno "nadhani", ambalo asema hakulitamka. Alidai nakala yake. Nilimweleza kuwa mashine ya kutoa nakala imeharibika. Alikaa kwenye benchi hadi saa kumi jioni, nikamwandikia kwa mkono.