Pampu Niliyosema Nimeitupa

Jumamosi. Kibiti imeamka na mawingu, na mpaka sasa, Alasiri imeshapita, mvua bado haijaamua. Sina huzuni wala furaha. Nahisi kama mtu aliyekusanya karatasi ya mtihani, kisha akakumbuka kwamba hakugeuza ukurasa wa nyuma.

Kwa msomaji asiyenijua: niko kidato cha tatu. Naishi kwa shangazi yangu, dada yake baba, mwenye kliniki ya tiba asili hapa mjini. Ni vyumba viwili na baraza yenye benchi. Wagonjwa humwita Bi Tausi. Cheti chake cha usajili kimetundikwa ukutani, na yeye hufuta vumbi kwenye kioo chake kila asubuhi kabla hata ya kufagia.

Kazi yangu pale ni kuandika, kwa sababu kuongea siwezi. Nikiketi mapokezi sauti inaniishia kooni. Mzee Mkumba, mkulima wa mpunga anayekuja kukandwa mgongo, huniambia, "We binti, unaongea kama mtu aliye kwenye tahiyatu ya sala." Watu wote wa benchini hucheka, na mimi huangalia daftari.

Ila kalamu hainikimbii. Kila mwezi unapoanza naandika habari na huduma za kliniki. Nakala moja inakwenda ubaoni, nyingine kwenye kundi la WhatsApp. Mwezi huu niliandika kwamba hijama, ile ya kuumika vikombe, ni Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi asubuhi, na anayekuja asiwe ameshiba. Kwamba tumepata mashine mpya ya kupima presha, na kupima ni bure. Kwamba majani ya kujifukiza yapo, ila wajawazito wasiyatumie bila kuuliza. Kwamba benchi lililovunjika limetengenezwa. Hili la benchi shangazi alisema si habari. Mimi nililiacha, kwa sababu Mzee Mkumba ndiye aliyeanguka nalo.

Mwisho kabisa kuna Ushuhuda wa Mwezi.

Wa mwezi huu ulikuwa wangu.

Nina pumu tangu darasa la pili. Nilipohamia kwa shangazi, alinianzishia dawa zake: asali, habasoda, tangawizi, na kila jioni mafuta ya karafuu kifuani. Nilizitumia miezi mitatu, na kweli nikapata nafuu. Nililala usiku mzima bila kuamka. Shangazi alifurahi kwa namna yake, yaani aliacha kunichungulia mlangoni alfajiri. Mama akaja kutoka Ikwiriri na jogoo mwekundu na mchele wa shambani, kutoa shukrani.

Kwetu shukrani si jambo dogo. Mgonjwa akishatolewa shukrani, ugonjwa umefungiwa mlango. Jogoo alichinjwa, tukala pilau, majirani wakaja, na mama akanishika kichwa mbele ya watu akasema alhamdulillahi.

Kama wiki sita baadaye, kifua kikarudi. Nilikuwa nafuta ubao darasani.

Ningesema nini? Kwamba pilau lililiwa bure? Matroni wa shule alinipeleka hospitali, nikapewa pampu ya kuvuta dawa, nikafundishwa kuitumia. Nilimwomba matroni asiseme nyumbani, nikamwambia nitasema mwenyewe. Sikusema. Pampu nikaificha ndani ya soksi ya shule, soksi nikaikunja chini kabisa ya begi. Ndiyo maana muhula huu wote navaa soksi zisizofanana, moja nyeupe na moja yenye mistari, na mwalimu wa zamu amenitoa mbele ya mstari mara mbili kwa ajili hiyo. Nilikubali kuitwa mchafu. Ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Basi shangazi aliposema, "Mwezi huu andika wewe, eleza ulivyopata nafuu," niliandika. Macho yake hayasomi maandishi madogo ya simu, hivyo humsomea rasimu kwa sauti, naye husema weka hili, toa lile. Nilimsomea. Akasema sawa, tuma.

Kabla ya kutuma niliitazama tena. Haikuwa na mwisho. Iliishia hewani tu, kama insha ya mtu aliyepigiwa kengele. Nikaongeza sentensi moja: "Siku hiyo niliichukua pampu yangu, nikaitupa, na tangu hapo sijatazama nyuma."

Niliipenda sana sentensi ile. Niliisoma mara nne.

Naandika hili polepole ili nisijidanganye tena. Shangazi hajawahi kumwambia mgonjwa aache dawa ya hospitali. Hata wa presha huwauliza kwanza, "Vidonge vyako umemeza?" Ile sentensi hakuitunga yeye wala hakuisikia. Ni yangu peke yangu, na niliiweka kwa sababu ilisomeka vizuri.

Leo saa nne asubuhi shangazi alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anamfanyia hijama mama mmoja wa sokoni. Kwenye benchi alikuwapo Mzee Mkumba. Akaingia mwanamke amembeba mtoto wa kike wa miaka sita hivi, mtoto mkubwa wa kutembea mwenyewe, na mkononi ana mfuko wa kamba wakavu. Walikuwa wametoka Kiongoroni, boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda hadi Bungu, kisha gari. Alisema yote hayo kabla hajaketi.

"Wewe ndiye Zuhura wa kwenye simu?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Loo! Mbona mwembamba hivi. Nahodha wetu juzi katusomea habari yako kwenye boti, katusomea mara mbili. Nikasema huyo huyo, nitamfuata huyo huyo." Akamgeuza mtoto anitazame. "Hidaya, muone dada. Naye alikuwa kama wewe."

Hidaya hakunitazama. Alikuwa na kazi. Ile kazi naijua. Mabega yalipanda na kushuka, na kishimo cha shingoni kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta. Nilimuuliza jina la shule yake, sijui kwa nini, na hakuweza kulimaliza.

Nikauliza kama ana pampu.

"Anayo," mama yake akasema. "Ya zahanati. Nimeiacha nyumbani kwenye kabati la vyombo. Si wewe umesema uliitupa?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwalimu kwamba somo amelishika.

Nilisimama. Kuna muda mfupi hapo ambao sitausahau. Mtu angeweza kudhani nilikuwa nawaza juu ya mtoto. Nilikuwa nawaza juu ya jogoo. Mama aliyenishika kichwa, pilau, cheti kwenye kioo, Mzee Mkumba ambaye atasema kila mahali. Ilikuwa pumzi mbili au tatu za Hidaya, nami nilizitumia kujiwazia mwenyewe.

Kisha nikafungua begi, nikatoa soksi.

"Soksi ya nini tena?" Mzee Mkumba akauliza.

Nikaitoa pampu ndani yake. Nikachukua chupa tupu ya maji, nikaitoboa tako kwa kisu cha tangawizi, nikachomeka pampu pale, kama nesi alivyonionyesha. Nikaitikisa. Nikamwekea Hidaya mdomo wa chupa mdomoni, nikabonyeza, nikamwambia avute pole pole, asiogope, iko kama moshi usio na moshi. Sauti yangu ilitoka. Niligundua baadaye kwamba ilitoka.

Mama yake alikuwa ananitazama mimi, si mtoto.

"Kumbe unayo."

"Ndiyo."

"Hukuitupa."

"Sikuitupa, mama."

Pazia likafunguka. Shangazi alikuwa na glavu mikononi. Aliitazama chupa, akaitazama soksi, akanitazama. Nyuma yake mama wa sokoni, amelala kifudifudi na vikombe mgongoni, akapiga kelele, "Bi Tausi, na mimi je? Mbona umeniacha kama sinia la maandazi?"

"Tulia hapo, nakuja kukutoa," shangazi akasema bila kugeuka. Akamwinamia Hidaya, akasikiliza kifua chake kwa sikio. "Huyu si wa hapa. Huyu ni wa hospitali, sasa hivi. Mkumba, simamisha bajaji."

Na Mzee Mkumba, mwenye mgongo mbovu, alikimbia.

Kwenye bajaji niliendelea kushika chupa. Tulipokaribia geti la hospitali Mama Hidaya akanigeukia.

"Huko kwetu watu hawana mchezo na kilichoandikwa," akasema. "Kikishaandikwa, basi."

Nikaitikisa pampu tena, nikambonyezea Hidaya.

Hospitali walimwekea mashine ya mvuke puani. Nesi akasema tumewahi, ila atalala pale leo waone. Ilipofika adhuhuri Hidaya aliweza kusema jina la shule yake lote, na akaongeza la mwalimu wake, na kwamba mwalimu huyo ana mbuzi. Shangazi alikuwa ameshafika. Alimwambia Mama Hidaya kwamba chakula chao atakileta yeye, na akasema samahani. Sijawahi kumsikia shangazi akimwambia mgonjwa samahani. Alisema "tulikosea", na mimi nilitamani aseme "alikosea".

Mama Hidaya alinipa ule mfuko wa kamba.

"Mpelekee shangazi yako. Hawa si shukrani, usije ukaandika kwamba ni shukrani. Ni kwamba paka wa hapa watanila nao."

Tulirudi kwa miguu. Shangazi anatembea haraka, nami huwa nyuma yake. Leo alinisubiri.

"Ile ya pampu ulinisomea?"

"Hapana."

"Uliiweka lini?"

"Baada ya kukusomea."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu nyingine, sikuipata. "Ilikuwa nzuri, shangazi."

"Nzuri," akarudia. Tukapita duka la mbegu, tukapita fundi baiskeli. "Na kifua kilirudi lini?"

"Baada ya jogoo."

"Ukaogopa kwa sababu ya jogoo?"

"Ndiyo."

"Yule jogoo mwenyewe alikuwa mgumu," shangazi akasema. "Nilimchemsha tangu asubuhi. Ungeniambia siku ya pili yake, mwanangu, nisingemtapika." Sikujua kama naruhusiwa kucheka, kwa hiyo sikucheka. Kisha akasema, na hapo sauti yake haikuwa na mzaha, "Mimi nilijua nimekutibu. Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilikuwa nalala bila kukuchungulia."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nalo si la kuuma sana ukilisikia. Nilimnyima mtu habari ya kifua changu, naye kazi yake ni vifua vya watu.

Tulipofika alitoa simu akanipa.

"Andika kilichotokea. Usikipambe."

Niliandika hivi: "Mimi ni Zuhura wa kliniki ya Bi Tausi. Ushuhuda wangu wa mwezi huu ulikuwa na uongo. Pumu yangu haijapona. Pampu sikuitupa, ninayo na ninaitumia. Dawa za shangazi zilinipa nafuu, hazikuchukua nafasi ya pampu. Mwenye pampu asiiache nyumbani. Akibanwa kifua aende hospitali kwanza. Nahodha wa Kiongoroni, tafadhali wasomee watu kwenye boti, mara mbili."

Nilimsomea shangazi lote. Aliniambia nirudie. Aliuliza kama kuna kitu nimekibakiza mfukoni. Nikasema hakuna. Akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Safari hii natuma mimi."

Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Ushuhuda wa Mwezi ameufuta ubaoni kwa kitambaa kibichi. Habari ya benchi ameiacha.

Watu wameshaanza kujibu. Mmoja ameandika kwamba alijua tu. Mwingine anauliza kama hijama ya Jumatatu ipo. Mama sijui kama ameona. Atapiga, na nitapokea mwenyewe. Nahodha bado hajajibu. Kule mtandao ni wa kubahatisha, lakini ule uongo ulifika. Sioni kwa nini huu ukweli usifike, ingawa hauna mwisho mzuri kama ule. Nimeusoma tena. Hauna mlio wowote.

Hidaya nitampelekea uji kesho asubuhi. Sijui nitamwambia nini mama yake. Labda nitamuuliza hali tu, na kwa sauti inayosikika.

Shangazi amenipa sabuni, akaniambia soksi ile inanuka begi. Nimeifua pamoja na mwenzake. Sasa zinaning'inia kwenye kamba zote mbili, nyeupe na nyeupe, na kama mvua ikiendelea kusitasita zitakuwa zimekauka kabla ya Jumatatu. Pampu itakaa mfuko wa shati, pale kalamu zinapokaa.