Maji ya Houston na Kanga ya Kipande Kimoja

Euless, Texas

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na yule kuku mwekundu, ameacha kutagia kwenye kapu la vitambaa vya wateja, au bado mnagombana? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na joto la huku linanikumbusha Muheza kabla ya mvua, isipokuwa huku huwezi kutoka na kiti ukakaa barazani. Unatoka kwenye nyumba yenye baridi, unaingia kwenye gari lenye baridi, unashukia kwenye ofisi yenye baridi, na joto unalipitia katikati kama mtu anayeruka dimbwi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza kwa kicheko, na simu yako anaipokea yeyote aliye karibu na cherehani. Barua hii nimeitia posta mwenyewe, kwa sanduku la shule anakofundisha kaka. Wapo watu wa kanisani wanaosafiri kuja huko wiki ijayo na wangeibeba kwa moyo mmoja, lakini sikuwapa. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Habari yenyewe ni ya matembezi. Unamjua Mama Neema kwa sauti tu, yule muuguzi wa Korogwe anayekaa Cedar Hill na mumewe, aliyenipokea nilipofika na kunipa blanketi na sufuria. Kwa wema wake sina la kusema. Mwezi uliopita, tulipotoka ibadani, akanishika mkono akasema nimekaa Texas muda wote huu sijaona kitu. "Utarudi nyumbani, watakuuliza Amerika ikoje, na wewe utawaeleza maegesho ya magari." Nilicheka kwa sababu ni kweli. Mimi najua njia ya ofisini, njia ya dukani na njia ya kanisani. Akasema yeye na Baba Neema watanitembeza, kwanza Fort Worth, halafu Houston, na kwamba nivae gauni, si suruali, maana picha za gauni hupendeza.

Hapo ndipo jambo la kwanza liliponikwaruza. Unajua kazi yangu: mzigo ukishushwa uwanja wa ndege umepungua au umevunjika, mimi ndiye ninayetafuta ni wapi maelezo ya watu hayalingani. Nikitoka ofisini akili hiyo haizimiki. Najilaumu mara nyingi kwa kumshuku mtu ambaye ametaka tu kunipa chai. Kwa hiyo nilijiambia ninyamaze, nikavaa gauni la kijani uliloshona wewe.

Fort Worth kuna mtaa wa zamani wa soko la mifugo ambako kila siku hupitishwa kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu kama mikono ya mtu anayejinyoosha. Wapanda farasi wanawaongoza, na wageni wamejipanga kandokando kama wanaomngoja rais. Ng'ombe wenyewe wanatembea bila haraka, kwa uchovu wa viumbe waliozoea kutazamwa. Niliwaonea huruma, sikujua bado kwamba mimi na wao tulikuwa kundi moja.

Simu ya Mama Neema ilikuwa juu wakati wote, lakini aliponionyesha picha jioni, ng'ombe hawakuwamo. Nilikuwamo mimi. Mimi nimesimama, mimi kwa upande, mimi napanda ngazi. "Toa miwani kidogo, mama." "Hebu tembea mpaka pale kwenye mlango, halafu urudi polepole." Nilipouliza kuna nini pale mlangoni, akasema anaangalia mwanga.

Kisha tukaenda katikati ya Dallas, kwenye sanamu za shaba za ng'ombe wengine wanaoteremka kilima na kuvuka kijito. Tukakaa kwenye nyasi kula sambusa zake. Akaniuliza, kama anayeuliza kama nimeongeza chumvi, kundi langu la damu ni gani, na kama kwetu kuna mtu mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikasema hakuna ninayemjua. Akauliza na upande wa baba je? Mama, nimetembelea sehemu chache maishani, lakini sijasikia mahali pa kutazama sanamu panapohitaji majibu ya selimundu. Baba Neema aliacha kutafuna, akaenda kukagua matairi.

Ningeweza kukataa Houston. Nilikaa nalo siku kadhaa. Nilikuwa nikiosha vyombo najiambia, ni muuguzi, wauguzi huuliza hayo kama sisi tunavyouliza habari za asubuhi. Halafu nakumbuka yale matembezi ya mlangoni. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua, na kwa sababu, nikiwa mkweli, nilitaka kuiona roketi.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri kutoka Cedar Hill. Nilimsaidia Mama Neema kufunga chakula: wali, maharage ya nazi, kuku wa kukaanga, na samaki mmoja mkubwa wa kupaka aliyefungwa peke yake kwenye karatasi ya kung'aa. Tulikuwa watatu. Sahani zilikuwa nne. Nilizitazama, naye akaona nikizitazama, akasema mgeni hakosekani.

Njia ya Houston ni ndefu na imenyooka. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kama soko la Tanga mjini, wanauza nyama, mito ya kulalia na kofia chini ya paa moja, na vyoo vyake vinang'aa kuliko sebule za watu. Baba Neema, ambaye kwa siku nzima husema maneno machache na yote ni ya gari, alininunulia maji. "Kunywa, mwanangu. Usifike umechoka." Nikamuuliza nifike wapi. Akasema, "Houston," kisha akainama tena kwenye matairi. Yale matairi, Mama, hayana tatizo lolote.

Mbele zaidi, barabarani, imesimama sanamu nyeupe ya mwanaume mrefu kuliko miti, anawatazama wote wanaopita. Nilifikiri, na huyu naye.

Roketi niliiona. Imelazwa ndani ya jumba refu kama ghala, kwa sababu ikisimamishwa hakuna dari la kuitosha. Nilitembea kutoka ncha mpaka mkiani na kwa mara ya kwanza tangu Fort Worth nikasahau kwamba natazamwa. Niliwaza kwamba kuna watu walikaa juu ya kitu hiki, wakakubali kiwashwe, lakini wao waliambiwa wanakwenda wapi. Nilipogeuka kusema hivyo, simu ya Mama Neema ilikuwa usoni mwangu.

Alasiri tukaenda kwenye ukuta wa maji. Ni ukuta uliopinda kama nusu ya kikombe, mrefu kama jengo la ghorofa, na maji yanaporomoka kutoka juu mpaka chini bila kukoma, ndani na nje. Watu hupigia picha za harusi pale, mabibi arusi wawili walikuwa wanasubiriana zamu. Maji yanapiga kelele mpaka lazima umsogelee mtu ili akusikie. Chini ya miti, mbele ya ukuta, alikuwa amesimama kijana wa shati jeupe lenye mikunjo ya kwenye mfuko wa dukani.

"Ee, Yona," Mama Neema akasema. "Na wewe umekuja kupunga upepo?"

Alisema vibaya, Mama, kama mtoto anayekariri. Yona ni mtoto wa kaka yake. Anafanya kazi maabara ya hospitali hukohuko Houston, na mama yake yuko Korogwe. Yale ya sahani ya nne na samaki yakajieleza. Mama Neema akakumbuka ghafla kwamba amesahau chumvi garini, na Baba Neema akakumbuka matairi, wakatuacha.

Tulisimama tukitazama maji. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka, na nilikuwa nimeamua nisianze mimi. Akasogea, akasema kwa sauti ya juu kidogo ili nisikie:

"Samahani, dada. Shangazi aliniambia una jambo la kuniuliza."

"Mimi?"

"Kwamba uliona picha yangu kanisani kwenu, ukaomba tuonane."

"Mimi nimekuja kutazama maji," nikamwambia. "Picha yako sijawahi kuiona."

Alinitazama, akatazama shati lake, akaanza kucheka, si kicheko kibaya. "Basi tumeletwa wote. Mimi nimehamisha zamu ya kazi."

Nikacheka pia, sikutaka. Halafu akasema lile lililoniondoa kicheko. Kwamba yeye asingekuja kumsumbua msichana wa watu, ila aliambiwa nyumbani pameshazungumzwa, na mama yangu ameridhia.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia yeye hakujui wewe. Nilimwambia mama yangu alimwoza dada yangu kwa mazungumzo ya watu wazima, na dada akarudi nyumbani na watoto na jicho lililovimba, na mama siku ile aliniita chumba cha cherehani akafunga mlango. Unakumbuka ulivyosema? Mimi nakumbuka neno kwa neno. "Wewe hutaulizwa na mtu kabla hujajiuliza mwenyewe." Niliyasema hayo yote kwa sauti, kwa sababu ya maji, na mmoja wa wale mabibi arusi akageuka kunitazama. Yona hakubisha. Alisema tu kama ni hivyo basi na yeye amedanganywa mara mbili, na kwamba samaki yule kwa vyovyote tumle, hana kosa.

Tukala. Kwenye gari wakati wa kurudi nilimwambia Mama Neema, kwa heshima, kwamba alichofanya hakikunipendeza. Hakukana. Alisema vijana wa huku wanaoana na kazi, na kwamba angeniambia nisingekuja. "Ungekuja?" akaniuliza. Nikasema mama yangu akijua hatafurahi. Akageukia dirisha, na nilidhani nimemshinda.

Jumapili baada ya ibada alinifuata kwenye gari na kifurushi. Akasema ni ukumbusho wa safari, tusiwekeane kinyongo, kuna mtu alitoka nacho nyumbani mwezi uliopita. Nilikifungulia chumbani kwangu. Kanga, mpya, ya manjano na pindo la zambarau. Maneno yake sitayaandika, maana nahisi unayajua. Kipande kimoja tu.

Nikageuza upindo. Mama, za wateja unapitisha cherehani. Za nyumbani unapinda kwa mkono, mishono midogo iliyolala upande mmoja, na kwenye pembe moja unaacha uzi wa rangi nyingine ili uitambue ya kwetu kwenye kamba ya kuanikia. Nililala na vipande hivyo tangu nimezaliwa. Nilibebwa navyo mgongoni. Hakuna fundi mwingine duniani mwenye mkono huo, na pembeni ulikuwepo uzi mwekundu.

Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika. Ndege zinapita juu ya paa letu kila baada ya muda mfupi kuelekea uwanjani, nami nilizisikiliza zote. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu na maharusi nikikutetea, na wakati huo kanga yako ilikuwa imekunjwa kabatini Cedar Hill, inangoja nimalize.

Doti ni vipande viwili. Najua desturi ya akina mama wa kwetu wakishaelewana: doti hukatwa, huku kimoja, kule kimoja, kabla hata ya mshenga kutamka neno. Kwa hiyo swali langu ni moja, na nataka ulijibu kwa mkono wako, si kwa simu na si kwa kupitia kwa Mama Neema. Kipande cha pili kiko wapi? Kama kiko Korogwe kwa mama yake Yona, usiende kukidai, utamwaibisha bure. Niambie tu kwamba kiko kule. Yona mwenyewe sijamkataa. Amenipigia mara moja kuniuliza kama nimefika salama, na hakuuliza jingine, na nimelipenda hilo. Ninachokataa ni kuonyeshwa maji huku mtu ananipima.

Nisalimie dada, mwambie nimepata viatu vya wanangu, nitavituma. Nisalimie kaka na umshukuru kwa sanduku lake la posta, na barua nyingine zikija asizifungue. Shangazi wa Pongwe mpe salamu, lakini habari hii usimpe. Bibi mwambie kwamba nimeona chombo cha kwendea mwezini, na kwamba kimelala chini.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nimeitoa kanga tena sasa hivi ili nihakikishe, na kuna kitu kimoja hakilingani. Wewe huachi hata uzi mmoja unaoning'inia kwenye gauni la mteja. Kama ulitaka nidhani kanga hii imetoka kwa Mama Neema, ungeipitisha cherehani kama nyingine zote, wala kwenye pembe nisingekuta kitu. Ulikaa, ukaipinda kwa mkono na mgongo huo, ukaacha uzi, tena mwekundu, ukajua itafikia mikononi mwa nani na mtu huyo hutazama nini kwanza.

Mama, ulisahau, au ulikuwa unaniambia?

Ni mimi mwanao anayekupenda na kukungoja,

Tunu