Mpaka wa Afande na Shamba la Baba

Dada yangu Furaha,

Amani ya Bwana ikukute ukiwa na nguvu. Mgongo wako je? Na mvua imeshuka huko mlimani? Sisi tuko hai. Mke wangu na watoto wako kambini Nakivale na maharage yao. Mimi siku za kazi nalala Mbarara, upande wa Kakiika, kwa mwanajeshi mstaafu ambaye wote tunamwita Afande.

Nimesoma unavyoeleza kwamba binamu yetu Bahati anaomba kulima shamba la baba "mpaka nitakaporudi". Wewe unaona ni upole. Mimi maneno matamu juu ya ardhi ya watu waliokimbia yananitia wasiwasi. Kabla sijajibu, sikiliza yaliyonipata huku.

Afande ana kompaundi kubwa kama uwanja wa mpira, imejaa nyasi ambazo mbuzi wa kwetu wangezililia. Anataka nizing'oe zote ili apande nyasi. Ndiyo, nyasi mahali pa nyasi. Anasema za zamani zina magugu na ardhi ina mabonde. Nimesoma vitabu vingi juu ya wenye ardhi na jeuri zao, lakini sijakutana na anayelima, anamwagilia, anavuna, kisha anatupa mavuno. Mtu akifanya kazi kubwa isiyoleta chakula, mimi natafuta anachokificha.

Amenipa trekta ndogo inayonifika kifuani, kwa sababu nilimwambia niliendesha kubwa kule kwenye mashamba ya miwa. Nyuma tunafunga visu vinavyozunguka na kusaga udongo, baadaye sanduku la chuma la kusawazisha. Kazi yenyewe naipenda, sikatai. Lakini jioni moja nilimwona akitembea kando ya miti iliyo upande wa jirani, mjane mmoja mwenye migomba, akipima kwa hatua ndefu. Asubuhi akaniambia, "Leo lima mpaka kwa miti. Yote. Sitaki kuona kitu imebaki."

Lima mpaka. Nikazima injini.

"Afande, mpaka mimi silimi. Mpaka ni ya huyu mama."

"Wewe Mukongo, nani amesema mambo ya mama? Nimesema mpaka kwa miti."

"Ni hiyo ninakataa."

"Unakataa nini? Umekunywa asubuhi?"

Tulipiga kelele hadi mjane akatoka migombani na panga lake, akiuliza nani ameuawa. Nikamweleza. Akacheka akajishika kiuno. "Afande anasema ufike kwa miti. Hasemi uvunje mupaka. Hii Swahili yenu itawaua."

Afande hakucheka. Alisema dereva mwingine angempata pale mtaani Ruti kabla ya chai. Nikamwambia, kama nimemkosea, basi aonyeshe mpaka mbele ya mama, nami nitaomba radhi. Akanyoosha kidole kwenye miti.

Mjane akaacha kucheka. "Hapana, Afande. Miti nilipanda ndani ya shamba yangu. Mupaka ni jiwe." Akafyeka nyasi kwa panga, na jiwe likaonekana, upande wetu, mbali na miti kiasi cha kupitisha trekta.

Afande akalitazama sana. "Sawa," akasema. "Lima mpaka kwa jiwe."

Kama alilijua jiwe lile, sijui. Bado naendesha trekta yake, naye bado hanisemeshi.

Kwa hiyo Bahati alime. Lakini kabla ya kuinua jembe, mwite mchungaji na jirani wa chini, halafu Bahati mwenyewe aonyeshe mpaka. Wewe usimwonyeshe. Tazama tu kidole chake kinakwenda wapi. Kikisimama kwenye mfereji aliouchimba baba, mpe shamba mpaka nirudi. Kikivuka, usigombane naye. Niandikie, nitarudi mapema.

Nisalimie shangazi yetu mwenye macho mabaya, shemeji, na mama mkwe wangu, ambaye najua hajaniulizia. Msalimie Bahati pia, lakini habari ya jiwe usimwambie.

Ndugu yako anayekuamini,
Safari