Sufuria Ndani ya Begi

Ijumaa, jioni

Ni kesho! Nimejaribu buti mara tatu humu chumbani. Siku mbili kwa miguu juu ya nyanda za milima ya Drakensberg, majani na ukungu tu, sisi wasichana wanne na ramani, bila mwalimu. Nauogopa ule ukungu, kweli. Lakini furaha imezidi woga.

Tatizo lilikuwa begi. Leo shuleni mwalimu aliyapima mabegi yote, mwisho kilo kumi. La Thandeka, mwenzangu wa kundi, kilo tisa, sharp, safi kabisa. Langu kumi na tano! Mwalimu akalifungua mbele ya watu: unga wa fufu, samaki wakavu, na sufuria. Mama alivificha asubuhi nilipokuwa naoga. Darasa zima likanuka samaki. Eish, nilitamani ardhi inimeze.

Nilienda moja kwa moja saluni kwa Mama, mtaa wa Umbilo, nikamkuta anasuka mteja.

"Mama, kule iko biskuti na supu ya paketi. Unataka nivunjike mgongo?"

Hakuinua macho. "Mimi nilitembea siku sita, wakati wa vita, na nilikuwa mdogo kuliko wewe. Wenye hawakubeba sufuria walikula unga mbichi."

Hajawahi kunisimulia safari hiyo. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini akasema nimpe kitana.

Sasa nimepanga upya. Nimetoa unga, samaki, taulo na viatu vya pili. Nimepima kwa jirani: kilo tisa na nusu.

Sufuria imebaki ndani.