Divai Isiyopiga Kelele

Bwera, Jumapili jioni.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na milima haijaonekana kutwa nzima. Ukungu umeshuka hadi kwenye mashamba ya kahawa. Nyumba yetu inanuka moshi, na moshi wenyewe si wa kuni. Ni wa Ureno, Italia, Uhispania na Ufaransa. Nitaeleza.

Kwetu leo ilikuwa sikukuu. Mimi peke yangu sina furaha, na ninaandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani anayesoma blogu hii.

Nianze na vizibo.

Baba ni wakala wa forodha pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kazi yake ni kuhangaikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Kongo na yanayotoka huko. Wenye mizigo wakifurahi humpa chupa ya divai. Zamani Baba alipokea zile zenye kizibo tu, kile cha gome la mti, ambacho Wakongo wanakiita bushoni. Zenye kifuniko cha bati cha kuzungusha alizirudisha.

Nakumbuka dereva mmoja wa Butembo, Papa Kambale, alimletea divai nyekundu ya Afrika Kusini yenye kifuniko cha bati.

"Patron, hii iko rahisi," akamwambia. "Hata mutoto anafungua."

"Ndiyo sababu siitaki," Baba akamjibu. "Hiyo iko soda ya watu wazima."

Papa Kambale alicheka mpaka akaegemea lori lake. Akasema basi atampelekea mke wake, yeye hana maringo.

Baba alikuwa na kizibuo chenye mpini wa mbao. Alikizungusha taratibu, akivuta huku amekunja uso, na chupa ilipofunguka ilitoa mlio ambao nyumba nzima iliusikia. Mama aliguna jikoni. Mimi nilikimbia. Baba alinipa kizibo kikiwa bado kimelowa upande mmoja, akaniambia ninuse kisha niseme ni cha nchi gani. Halafu aliandika jina la nchi ubavuni kwa kalamu, tukakitia kwenye mtungi wa kioo juu ya kabati. Ramani ya Ulaya niliijua kwa pua kabla sijaiona darasani.

Sijawahi kunywa divai, isipokuwa ile kidogo ya meza ya Bwana. Lakini zipo divai ninazozipenda. Ya kwanza ni ya Ureno, inayonuka zambarau zilizoiva kupita kiasi na kiatu kipya cha ngozi. Ya Italia ni kali kidogo, kama jani la nyanya ukilisugua vidoleni. Ya Uhispania inanuka vanila, ile ile ambayo jirani yetu anaikausha juani. Ya Ufaransa sikuielewa kamwe. Mara inuke udongo baada ya mvua, mara gunia bichi lililosahauliwa stoo. Baba alisema ikinuka gunia ujue kizibo kimeiharibu divai, na akaimwaga bila kusikitika.

Katika maktaba ya shule nilisoma kwamba gome hilo huchunwa mti ukiwa hai, mti haufi, na gome huota tena. Nilisoma pia kwamba Australia na Nyuzilandi karibu wote wanatumia kifuniko cha bati, kwa sababu bati haliozi wala halitii divai harufu ya gunia. Ni hoja nzuri. Sikuweza kuipinga. Lakini kifuniko cha bati ukikinusa hakinuki kitu.

Mwanzoni mwa mwaka huu Baba aliugua. Macho yake yaligeuka manjano na miguu ikavimba. Siku moja nilimbonyeza kidogo juu ya kifundo, na shimo la kidole changu likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa. Tulimpeleka hospitali, Kasese. Daktari alizungumza nasi, Mama na mimi, bila kuzunguka. Alisema ini limekuwa gumu. Akiacha pombe kabisa anaweza kuishi. Akiendelea, tusimrudishe kwake tukidhani ana dawa.

Baba aliapa mbele yake. Nami nikarudi shuleni.

Kila nilipopiga simu, Mama aliniambia habari ile ile kwa furaha mpya. Vizibo mtungini haviongezeki. Tangu Pasaka hajasikia mlio wala hajaona kizibo hata kimoja. Tena Baba amepata nguvu za kazi: amejenga upya banda la kuku, amelipigilia turubai yeye mwenyewe. Nililia bwenini, uso kwenye mto, nikamshukuru Mungu.

Sasa niko nyumbani kwa likizo, na leo Mama alitoa ushuhuda kanisani.

Mama ni binti wa Mkenya aliyekuja huku kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na akisimama mbele ya watu Kiswahili chake hunyooka kama cha redio. Alivaa kitenge chake cha Krismasi. Aliwaambia wote jinsi alivyokuwa akilala akiuomboleza mwili wa mtu aliye hai. Akasema sasa mtungi wake umekaa miezi bila kuongezewa kitu, na badala ya chupa mume wake anashika nyundo. Wanawake walipiga vigelegele. Baada ya ibada watu walipanga mstari kumshika Baba mkono, na mzee mmoja wa kwaya akamtania kwamba sasa amebaki na deni la kuwanunulia soda wote.

Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Tulipofika nyumbani Mama alinituma nikamate kuku wa sherehe. Niliinama nikaingia bandani. Turubai lilikuwa limevutwa vizuri, na chini ya kila msumari Baba aliweka kipande cha bati cha duara ili upepo usilichane. Watu wengi hufanya hivyo, kwa vifuniko vya soda. Lakini hivi vilikuwa vikubwa kuliko vya soda. Vilikuwa vimegongwa vikalala bapa, vingine vyeusi, vingine vya rangi ya dhahabu, vingine vyekundu sana. Nikakisoma cha kwanza, kwa sababu mimi husoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni.

Afrika Kusini.

Nikasoma kinachofuata. Chile. Kinachofuata, Australia. Afrika Kusini tena. Vilienda hivyo ukuta mzima mpaka kona, na kutoka kona mpaka mlangoni, na vya mlangoni vilikuwa bado vinang'aa.

Mama huingia humo kila asubuhi kuokota mayai. Amevisifu. Kwake yeye divai ni mlio na kizibo, maana ndivyo Baba alivyomzoesha miaka yote. Bati ni bati tu.

Sijui nilikaa humo kwa muda gani. Baba alikuja akainamisha kichwa mlangoni.

"Biira, kuku amekushinda?"

Kisha akaona mahali kidole changu kilipo. Mimi si mtu wa maneno, hasa mbele yake. Nilitafuta la kusema nikapata moja tu.

"Ulisema iko soda ya watu wazima."

"Ile ya bushoni inapiga kelele," akasema polepole. "Mama yako angesikia."

Mvua ilikuwa ikigonga turubai. Nilitazama macho yake, na kwenye mwanga ule mdogo niliona rangi ambayo kanisani sikutaka kuiona.

"Mwache ashukuru leo," akasema. "Nitaacha. Nakuambia wewe, nitaacha."

Akanipokea kuku. Kuku akamponyoka, akaruka juu ya kofia yake nzuri ya kanisani. Tulicheka wote wawili. Tulicheka kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko yote ya leo, kwamba nilicheka naye pale katikati ya vifuniko vyake.

Tulipomkamata tena tukafika naye jikoni, Mama alikuwa ameshusha mtungi wa kioo. Alisema vitu hivi havina kazi tena katika nyumba hii. Akaumimina wote kwenye jiko, juu ya makaa.

Vizibo havikuwaka mara moja. Viligeuka vyeusi pembeni, kisha vikashika moto wa manjano. Niliona mwandiko wa Baba ukijikunja: Ureno, Uhispania, Ureno. Nilinusa zambarau. Labda sikunusa, labda nilitamani tu. Mama aliimba huku akikoroga supu. Baba alikaa kwenye kigoda chake akipasha viganja moto, na hakunitazama tena.

Nilikula kuku huyo. Sikujua namna ya kukataa.

Sasa Mama ameenda kwenye maombi ya akina mama, na Baba amelala chumbani. Amesema amechoka. Mtungi umeoshwa, umeanikwa juu ya sinia. Mama amesema utakuwa wa sukari.

Tangu mchana nimekuwa nikijiuliza maswali yale yale. Nikimwambia Mama, nitamwondolea siku yake moja nzuri ya mwaka mzima, na kanisa lote litajua. Nikinyamaza, nitakuwa namsaidia Baba kufa kwa heshima. Nimejaribu kupanga sentensi ya kumwambia Mama. Naweza kuandika insha ya kurasa nne, lakini sentensi hiyo imenishinda. Kila ninapofika kwenye neno "Baba", nafuta yote.

Basi nimetoka na nyundo. Nimeng'oa msumari mmoja, ule wa mlangoni. Turubai limelegea pembe moja na linapigapiga. Nimekifuta kifuniko kwa gauni langu, nikarudi ndani, nikaugeuza mtungi ukakaa wima, nikakidondosha humo.

Kililia kwenye kioo. Mlio mdogo, lakini nyumba nzima ingeusikia.

Chumbani kitanda kimelia. Baba yuko macho. Amesikia. Nimemsubiri aniite, au aje akitoe mwenyewe. Haji.

Nimeuweka mtungi katikati ya meza, chini ya taa, na nimekaa mbele yake na simu hii. Mama atauliza kimetoka wapi, nami nitamwonyesha kwa kidole, kwa kuwa maneno sina. Namsikia yuko barabarani na wenzake, wanaimba wimbo ule wa ibada ya asubuhi, na sauti yake iko juu kuliko za wote.

Wanaagana langoni. Bado nina nafasi ya kukitoa.

Sikitoi.