Mashahidi wa Kifo cha Amoni

Mbeya, 14 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za baridi ya huko Kisondela? Huku kwa mama mdogo Neema tu wazima, ila mimi usingizi umepungua. Bila mkopo, mama, chuo nitakisikia redioni.

Bodi ya Mikopo wanataka cheti changu cha kuzaliwa, hicho ninacho. Wanataka saini ya mdhamini na muhuri wa mtendaji. Fomu hii hapa, weka saini palipo na alama. Wanataka pia cheti cha kifo cha baba. Kiko wapi? Dirisha la maombi linafungwa tarehe 31 Agosti.

Mwanao,
Tupokigwe

Kisondela, 21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mguu tu ndio unaniuma. Saini nimeweka.

Cheti hakipo, wala hakijawahi kuwepo. Baba yako alifia nyumbani, tukamzika penye migomba. Nani angekwenda Tukuyu kueleza jambo ambalo kijiji kizima kimelilia? Kama hawaamini waje, kaburi lipo.

Lakini Ijumaa nilikwenda, ofisi ya vizazi na vifo. Wanasema hata baada ya miaka kumi na moja inawezekana, nilete barua ya mtendaji na mashahidi wawili waliokuwepo. Mtendaji yuko safarini. Akirudi tu, nitaomba mashahidi kanisani.

Mama yako

Mbeya, 18 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Sipati kitu kutoka kwako na siku zinakwisha. Mashahidi wawili tu, mama!

Mwanao

Kisondela, 22 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na usinikasirikie. Mtendaji alirudi wiki iliyopita, akanipa barua. Jumapili nikatangaza kanisani. Jumatatu alfajiri nafungua mlango, uwanja umejaa watu. Nikawaambia wanatakiwa wawili. Mzee Alinanuswe akaniuliza, "Veronika, Amoni alizikwa na watu wawili?" Nikafunga mlango tukaondoka.

Tukatembea na ukungu wetu mpaka mjini Tukuyu. Tulipopita Bulyaga, Hajira muuza duka akafunga duka akajiunga. Jirani yetu Ackson alikuja na lile jembe alilochimbia kaburi!

Karani alisikiliza wawili kama inavyotakiwa, lakini wengine walikataa kuondoka bila kusema. Huyu alibeba jeneza. Yule alikata majani ya migomba wafiwa wakalalie. Mwingine alikubeba wewe mgongoni siku nzima, hukutaka kushuka. Mimi mjane wake nilikuwa siyajui hayo. Mchana ulifika karani bado anasikiliza, kalamu ameiweka chini.

Cheti hiki hapa, na fomu yako yenye muhuri. Na karatasi hii wamesema lazima nikutumie: majina arobaini na moja, wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Ndaga fijo, asante sana, Mungu wangu.

Mama yako

Dar es Salaam, 8 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimepata mkopo! Uhakiki wa cheti ulirudi siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Niko chuoni, mzima, joto tu.

Ile karatasi ya majina haikuwa na mahali pa kuipakia kwenye maombi ya mtandaoni. Nimeibandika juu ya kitanda. Kila usiku nayasoma majina. Miaka yote hii nilijihesabu mtoto wa kulelewa na mtu mmoja.

Jana Sabrina, mwenzangu wa chumba, aliuliza hawa wote ni akina nani. Kwenye fomu mdhamini ni mmoja, jina lako. Lakini nilimjibu, "Ni wadhamini wangu."

Mama, aliyenibeba mgongoni ni nani? Nikija Krismasi, nikishakuamkia wewe, nataka nianzie kwake.

Mwanao,
Tupokigwe wa Amoni